Wasifu wa Bibi Usomwe Wote

Nataka tuwazungumzie mama zetu waliovuka bahari wakiwa tayari watu wazima, wakaja kulea wajukuu hapa Texas. Wengine wamefia huku. Wengine walirudi nyumbani wakafia kule, na sisi tukafuatilia maziko kwenye simu. Nataka tujiulize: mama hawa tunawakumbukaje?

Nani kati yetu hajakaa msibani akasikiliza wasifu wa marehemu ukisomwa? Mpangilio wake tunaujua kwa moyo. Marehemu alizaliwa mwaka fulani, kijiji fulani, akiwa mtoto wa nne katika familia ya watoto tisa. Alisoma shule fulani. Alifunga ndoa na mzee fulani, wakajaliwa watoto sita. Aliugua, akatibiwa, na mauti yakamfika siku fulani, saa fulani. Ameacha watoto, wajukuu na vitukuu kadhaa. Tunaitikia "Amina," karatasi inakunjwa, na mshereheshaji anaendelea na salamu za rambirambi.

Hakuna uongo katika karatasi ile. Lakini mwanamke aliyefanya kazi tangu utoto mpaka uzee anapewa dakika tano, na kazi yenyewe haitajwi. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Wasifu wetu unahesabu kuzaa na kunyamazia kulea. Na kwa bibi aliyeishi pande mbili za dunia upungufu unazidi, kwa sababu nusu ya maisha yake inajulikana kule na nusu inajulikana huku, na siku ya msiba hakuna anayeziunganisha.

Tuuchukue mji wa Pearland uwe mfano wetu. Upo kusini mwa Houston, sehemu yake kubwa ikiwa katika kaunti ya Brazoria. Viwanja vyake vya kwanza vilipimwa mwaka 1894 kando ya reli, na wakazi wake walitegemea mashamba ya matunda mpaka kimbunga kikubwa cha Galveston kilipopita Septemba 1900 na kuharibu miti yao. Kwa miaka mingi ulibaki mji mdogo. Sensa ya mwaka 2000 ilikuta watu wasiofika 40,000. Ile ya mwaka 2020 ikahesabu zaidi ya 125,000. Sababu moja kubwa ya ukuaji huo ni barabara kuu namba 288, inayotoka Pearland kwenda moja kwa moja mpaka Texas Medical Center, eneo lenye hospitali nyingi zilizokusanyika pamoja kuliko jingine lolote duniani. Ndiyo maana ukikutana na Mkenya, Mtanzania, Mganda au Mkongo anayeishi Pearland, usishangae akikwambia kwamba yeye ni muuguzi, au mkewe ni muuguzi, au yuko shuleni anasomea uuguzi.

Muuguzi wa hospitali hapa mara nyingi hufanya zamu ya saa 12. Huingia saa moja jioni na kutoka saa moja asubuhi. Sasa apate mtoto. Kenya, sheria ya ajira ya mwaka 2007 inampa mama miezi mitatu ya likizo ya uzazi kwa mshahara kamili. Tanzania, sheria ya mwaka 2004 inampa siku 84 zenye malipo, na siku 100 akijifungua mapacha. Sheria ya taifa ya Marekani, iliyopitishwa mwaka 1993, inampa wiki 12 zisizo na malipo yoyote, tena kwa masharti: awe amefanya kazi kwa mwajiri huyo angalau mwaka mmoja, na mwajiri awe na wafanyakazi 50 au zaidi. Yako maeneo ya kazi yanayotoa zaidi ya hapo, lakini sheria haiyalazimishi. Ukigeukia kituo cha kulelea watoto, ada ya mtoto mchanga huweza kupita dola 1,000 kwa mwezi, na vituo vingi hufungwa jioni, saa ile ile ambayo mama wa zamu ya usiku anavaa sare yake.

Hapo ndipo simu inapopigwa Moshi, Kisii, Bukoba, Tanga au Bukavu. "Shikamoo mama. Naomba uje unisaidie."

Na mama anakuja. Anamwachia jirani kuku, anamwachia shemeji shamba. Anaaga kwaya ya akina mama na kile kikundi cha kuweka na kukopa ambacho pengine yeye ndiye mweka hazina wake. Wapo wanaomwacha mzee nyumbani, na mzee anakubali kupikiwa na watoto wa ndugu kwa miezi mingi. Anapanda ndege, anabadilisha Doha, Dubai au Istanbul, na begi lake lina unga wa ulezi, kanga za kumfungia mzazi tumbo, na dawa zake za presha za kumtosha mpaka atakaporudi.

Anapofika, kazi inaanza siku hiyo hiyo. Anamkanda mzazi kwa maji ya moto. Anapika mtori, uji wenye pilipili manga na supu ya kuku. Anamwogesha mtoto jinsi alivyomwogesha mama yake miaka 30 iliyopita. Binti anaporudi asubuhi akiwa amechoka hoi, anakuta mkubwa ameshakula na kuvaa na yuko tayari kwa basi la shule, mdogo amelala, na chakula chake mwenyewe kimefunikwa mezani. Analala mpaka alasiri bila kuamshwa. Usingizi ule ndio unaomwezesha kusimama tena usiku kando ya wagonjwa wa watu. Ukitafuta mchango wa Bibi katika hospitali za Houston, utafute hapo.

Nyuma ya nyumba anapanda matembele na bamia, kwa sababu joto la Houston na unyevu wake haviko mbali na vya pwani yetu, na mimea hiyo inastawi. Wajukuu wanajifunza kwake kuamkia, kula kwa mkono wa kulia, kuitikia wanapoitwa. Akiwaambia "Paukwa," wanajibu "Pakawa," na hadithi inaendelea mpaka wanasinzia. Watoto wengi waliozaliwa hapa, Kiswahili chochote walicho nacho walikipata kwa Bibi, si kwa wazazi, maana wazazi walikuwa kazini.

Siku ya kimbunga cha Beryl, tarehe 8 Julai 2024, umeme ulikatika kwa wateja zaidi ya milioni 2 katika eneo la Houston, na nyumba nyingi zilikaa gizani siku kadhaa katika joto kali la kiangazi. Mtu aliyelea watoto katika nyumba isiyo na umeme hahitaji kufundishwa la kufanya siku kama ile. Anajua chakula kipi kipikwe kwanza kabla hakijaharibika, mtoto apozwe vipi kwa kanga yenye maji, na watu wafanye nini ili usiku upite. Ujuzi huo Bibi alikuja nao, na haujawahi kuandikwa katika wasifu wa mtu yeyote.

Lakini tusiseme habari za kazi tukasahau gharama. Mgeni anayeingia kwa viza ya matembezi kwa kawaida hupewa muda usiozidi miezi sita. Kwa hiyo Bibi anakuja, anarudi, anakuja tena mtoto wa pili anapozaliwa. Halafu kaka mtu aliyeko Dallas au Fort Worth naye anapata mtoto, na Bibi anapakiwa garini kwa safari ya saa nne hivi kuelekea kaskazini, aanze upya katika jiko jingine. Akipata ukaazi wa kudumu, bado analazimika kukaa miaka mitano kabla ya kuruhusiwa kujiunga na Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee. Miaka hiyo yote anaogopa kuugua. Anaficha maumivu ya goti na kizunguzungu, asije akawaingiza watoto kwenye deni la hospitali.

Na upweke. Pearland hakuna daladala wala matatu ya kusimamisha barabarani. Asiyeendesha gari hatoki. Majirani wanaondoka asubuhi na kurudi jioni, na mitaa inabaki kimya. Bibi aliyekuwa anasalimiwa na watu njia nzima kwenda sokoni, sasa anazungumza na mtoto ambaye bado hajui kusema. Akiamka saa kumi na moja alfajiri, kwao kumeshakuwa mchana, na simu inamletea habari za walioolewa na waliokufa. Dada yake anazikwa, na yeye yuko Texas anabembeleza mtoto. Analia akiwa peke yake jikoni, ananawa uso, anachemsha maziwa. Mangapi ya namna hiyo tumeyaona tukayapita?

Wasikilizaji, kazi hii ya bibi ni ya kale sana, na ushahidi wake mmoja mkubwa umetoka kwetu. Katika miaka ya 1980 wanaanthropolojia Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones walifanya utafiti kati ya Wahadzabe, karibu na Ziwa Eyasi kaskazini mwa Tanzania. Walipima muda ambao kila mtu alitumia kutafuta chakula, na wakapima chakula chenyewe. Waliwakuta wanawake wazee, waliokwisha kupita umri wa kuzaa, wakitumia muda mwingi kuliko vijana wakichimba mizizi kwenye ardhi ngumu. Katika makala waliyoichapisha mwaka 1997 walionyesha kwamba mama anapokuwa na mtoto mchanga, nafasi yake ya kutafuta chakula inapungua, na hapo kuongezeka uzito kwa watoto waliotangulia kunafuatana na juhudi za bibi yao. Kutokana na hayo Hawkes na wenzake wamejenga nadharia kwamba binadamu anaishi miaka mingi baada ya kukoma kuzaa kwa sababu, tangu zama za kale, bibi waliwalisha wajukuu wakawavusha. Wataalamu wanaijadili nadharia hiyo mpaka leo. Lakini tazameni walichokifanya watu wale, kitu ambacho sisi hatujawafanyia mama zetu wenyewe: waliihesabu kazi ya bibi, wakaiandika.

Wako pia bibi ambao dunia iliwajua, na tunaweza kujifunza kutokana na namna walivyokumbukwa. Mwaka 2009, Barack Obama alipoingia Ikulu ya Marekani, mama mkwe wake, Marian Robinson, mjane wa Chicago aliyewahi kuwa katibu muhtasi katika benki, alihamia Washington pamoja nao. Malia alikuwa na miaka 10 na Sasha 7. Wazazi wao walikuwa na kazi isiyolala, na watoto walihitaji mtu wao nyumbani. Bibi huyo alikaa Ikulu miaka yote minane. Alipofariki tarehe 31 Mei 2024, akiwa na umri wa miaka 86, habari zake zilianzia hapo hapo: kwamba alihama mji wake ili awalee wajukuu.

Upande wa baba, familia hiyo hiyo ilikuwa na Mama Sarah Obama wa Kogelo, Siaya. Kwa damu, Barack hakuwa mjukuu wake, kwani Mama Sarah alikuwa mke mwingine wa babu yake, Hussein Onyango. Lakini mama mzazi wa Barack Obama mkubwa, baba wa rais, alipoondoka nyumbani, Mama Sarah ndiye aliyemlea mtoto yule. Uzeeni akawasaidia mayatima wa kijijini kwake wapate kusoma. Alifariki Kisumu tarehe 29 Machi 2021, akiwa na miaka 99, na kesho yake akazikwa Kogelo kwa taratibu za Kiislamu. Kuuliza kama ni bibi wa damu au la hakuna maana. Kulea kulikuwa kumeshamaliza hoja.

Bibi wa Pearland anafanya kazi ile ile ya Marian Robinson. Tofauti ni kwamba gazeti halitakuja kumwandika. Asipoandikwa na watoto wake, haandikwi.

Sasa turudi kwenye ile karatasi ya wasifu. Bibi anapofia huku, familia inakuwa na njia mbili, na uamuzi ni wa haraka. Waislamu kwa kawaida humzika papa hapa, upesi, kama dini inavyoagiza. Wengi wa Wakristo huchanga ili mwili urudishwe nyumbani, na kuna cheti cha kifo, kuuhifadhi mwili kwa dawa, jeneza la kufungwa, vibali vya ubalozi na nauli ya mizigo, mambo yanayogharimu maelfu ya dola. Katika pilikapilika hizo wasifu huandikwa usiku wa mwisho na mtu mmoja, na mtu huyo anajua upande mmoja tu.

Akiuandika aliyeko nyumbani, maisha ya Pearland yanapata sentensi moja: "Mwaka 2015 marehemu alisafiri kwenda Marekani kuwatembelea watoto wake." Kutembelea! Miaka ya kukesha na watoto wa zamu ya usiku inaitwa matembezi, na majirani waliobaki kijijini wanaendelea kuamini kwamba mama yule alikwenda kupumzika. Wapo waliowahi hata kumsengenya kwamba amewasahau na anakula maisha ughaibuni.

Akiuandika aliyeko Texas, anaanza na jinsi Bibi alivyopika chapati na jinsi alivyowapenda wajukuu. Mjukuu wa miaka 15 anasimama, analia, anasema Bibi alikuwa mtu mwema. Hajui kwamba mtu huyo mwema alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza aliyefundisha nusu ya kata kusoma. Hajui kwamba alilima kahawa na migomba, kwamba aliuza vitumbua alfajiri kabla ya kwenda shambani, na kwamba fedha za vitumbua zililipa ada ya chuo cha uuguzi. Yule binti aliyelipiwa ada ndiye mama yake huyu mjukuu, ndiye anayeendesha gari kila jioni kwenye ile barabara ya 288 kwenda kuwahudumia wagonjwa wa Houston. Nyumba anayoishi mtoto, shule anayosoma, basi linalompeleka, vyote vinarudi nyuma mpaka kwenye jiko la vitumbua. Mtoto asipoambiwa hivyo siku ya msiba, ataambiwa lini?

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Wasifu wa mama aliyeishi pande mbili usiandikwe na mkono mmoja. Uandikwe na watu wawili, mmoja wa huku na mmoja wa kule, na usomwe huo huo katika misiba yote miwili. Utaje kazi zake kwa majina: alilima nini, aliuza nini, alimsomesha nani, alimuuguza nani, alilea watoto wa nani katika nyumba ya nani, na kwa muda gani. Utaje alichokiacha ili aje, na utaje maziko ambayo hakuyahudhuria kwa sababu alikuwa anatulelea. Wajukuu wapewe nafasi ya kuandika ukurasa wao kwa Kiingereza chao, na mtu mzima autafsiri, ili ndugu wa kule wasikie maneno ya watoto wenyewe. Tukiona unakuwa mrefu, tupunguze hotuba za wageni. Marehemu ndiye mwenye siku.

Najua wapo watakaosema kwamba mama zetu hawakutaka sifa. Ni kweli, wengi hawakutaka. Lakini kutaja kazi iliyofanyika ni haki, na haki haisubiri mwenyewe aiombe. Tena wajukuu wanasikiliza. Mtoto anayesikia kwamba kulea ni kazi yenye historia na gharama, atamheshimu mama yake leo na kumtunza mkewe kesho. Anayesikia tarehe tu, atakumbuka tarehe kwa muda, kisha atazisahau.

Na tusingoje kifo. Mara nyingi mtu pekee anayezijua nusu zote mbili ni Bibi mwenyewe, na akienda, amekwenda nazo. Kama mama yako yu hai, yuko chumba cha pili hapo Pearland au yuko Moshi, kaa naye wiki hii, au mpigie. Mwamkie, muulize hali, halafu muulize maswali haya: Mama, kazi yako ya kwanza ya kupata fedha ilikuwa ipi? Ada yangu uliilipaje? Ulipokuja kwetu, uliacha nini? Na siku Mungu akikuita, ungependa upumzishwe wapi? Washa kinasa sauti cha simu kwa ruhusa yake, na umwache aseme mpaka amalize. Hifadhi sauti hiyo mahali ambapo wajukuu wataipata.

Kama ameshatangulia, wapigie dada zake na rafiki zake waliobaki, kwa sababu nao ni wazee. Andika watakachokuambia, kiunganishe na unachokijua wewe, na siku ya kumbukumbu yake kisomwe mbele ya watoto wote, kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

Mungu awarehemu mama na bibi zetu waliotangulia, na awape afya walio hai.